Alama Mgongoni mwa Nyota

Sifaeli Mbise alikuwa fundi saa, na kama mafundi saa wachache waliobaki Arusha, alikuwa na muda mwingi kuliko saa za kutengeneza. Watu siku hizi wanaangalia saa kwenye simu. Waliofika kwenye meza yake, barazani mwa duka la vifaa vya ujenzi kule Sombetini, wengi walitaka betri tu, na wakishawekewa betri waliondoka bila hata kuketi. Zamani jambo hilo lilimuuma. Alipofika miaka sabini na moja likaacha kumuuma, kwa sababu kazi yake hasa ilikuwa kwenye droo ya chini.

Droo hiyo ilikuwa na ufunguo wake. Ndani yake mlikuwa na Mwingereza mzima, kapangwa kwenye visanduku vya kalamu: senti kumi zenye tundu katikati, shilingi zenye simba na milima, peni za Malkia Viktoria zilizolika mpaka malkia hana pua, na visahani vya bati vyenye namba ambavyo walowezi waliwapa wachuma kahawa, kimoja kwa kila debe. Alikuwa pia na medali, chache, kila moja kwenye kipande cha flana. Ukimletea sarafu uliyoisugua kwa majivu na limau ili impendeze, alikurudishia papo hapo na maneno juu yake. "Umeiosha," alisema, kama daktari anayetoa habari mbaya. "Miaka themanini imejitunza yenyewe, wewe umeimaliza kwa limau moja." Kuna mama mmoja wa Terrat aliyeapa kutompelekea tena kitu chochote, maana alitembea na sarafu zake njia nzima akaishia kusemwa mbele ya watu kama mtoto wa shule.

Wateja waliamini kwamba mzee anapenda hela za kale. Kweli alizipenda. Lakini kwa miaka thelathini na moja alikuwa akitafuta kitu kimoja tu, na hakumwambia mtu, kwa kuwa anayekusanya vitu vya kale hujifunza mapema kutoonyesha anachokitaka. Ukikisifia, bei inapanda palepale. Sifaeli alikuwa na uso wa jiwe kwa vitu alivyovitamani na tabasamu pana kwa vile visivyo na maana.

Alichokitafuta kilikuwa nyota ya baba yake.

Baba yao, mzee Nathanaeli, alikwenda vitani Bama, yaani Burma, na jeshi la Mfalme, akarudi na miguu yote miwili na nyota ya shaba yenye ncha sita. Nyota za namna hiyo ziligawiwa kwa maelfu, na nyuma hazina jina la mtu. Basi baba akaiwekea yake. Alikuwa na mizinga ya nyuki msituni, na kila mwenye mizinga alichonga alama yake kwenye gogo ili mwingine asije kurina asali isiyo yake. Alama ya Nathanaeli ilikuwa mistari mitatu iliyosimama na mmoja unaoikata mshazari. Alichukua ncha ya kisu akaichora hiyohiyo mgongoni mwa nyota ya Mfalme, na tangu hapo ikawa yake kama mzinga.

Mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwahamisha Wameru kutoka Ngarenanyuki ili ardhi ipewe walowezi, na nyumba zikachomwa. Nyumba ya Nathanaeli ilikuwa mojawapo. Aliteremka na mke, mtoto mmoja na koti, na nyota ilikuwa kwenye mfuko wa koti. Njiani aliibadilisha kwa debe la mahindi. Hakusema alimpa nani. Alipoulizwa alijibu kwamba mahindi yameshaliwa, na maneno yaishe.

Mtoto yule mmoja alikuwa Hanna, na Sifaeli alizaliwa miaka miwili baadaye, kwa hiyo hakuwahi kuiona nyota yenyewe. Hanna ndiye aliyeijua. Jioni baba alikuwa akimpa aishike, naye akapitisha kidole kwenye ile mistari, mitatu wima, mmoja mshazari, mpaka usingizi umchukue. Sasa Hanna alikuwa na miaka themanini na minne, bado akiishi kwenye kihamba cha baba, shamba la migomba alilolipata baadaye juu kule mlimani, na presha ya macho ilikuwa imemchukulia macho yote mawili. Tangu Pasaka alikuwa haamki kitandani bila kushikwa. Hakuomba mengi. "Ningeipata tu nikapitisha kidole mara moja," alikuwa akisema, "ningeondoka vizuri." Daktari wa moyo alikuwa amemwambia Sifaeli pembeni kwamba asingoje mwakani kwa jambo lolote alilokusudia kumfanyia dada yake.

Katika miaka thelathini na moja Sifaeli alishapindua nyota nne za Bama. Zote zilikuwa na mgongo mtupu.

Jumapili ya mavuno alipanda mlimani kusali kwenye usharika wa nyumbani, kama kila mwaka. Usharika ule una kawaida yake. Sadaka za mazao hazipelekwi sokoni. Baada ya ibada watu hukusanyika nje, mzee wa kanisa akanadi kila kitu, mkungu wa ndizi, jogoo, debe la kahawa, mayai matatu kwenye kikapu. Anayeshinda huulizwa kwa sauti, "Nyumbani au madhabahuni?" Akisema nyumbani, anachukua kitu chake. Akisema madhabahuni, anakuwa amelipa na amekirudisha, watu wanapiga vigelegele, na kitu kinanadiwa upya. Jogoo mmoja anaweza kuuzwa mara tano na bado akalala bandani mwa mchungaji. Sheria ni moja tu: aliyerudisha hanunui tena kitu kilekile, kwa sababu kuna mwaka matajiri wawili walishindana kurudisha mbuzi mpaka jua likazama.

Mwaka huo mnadi alikuwa Elihuruma, mtu mwenye sauti na mzaha. Alishamaliza ndizi na kuku alipofungua leso iliyotolewa na Mama Elinipa, mjane ambaye kahawa yake ilikuwa imekauka mtini.

"Haya sasa, jamani!" Elihuruma alisema. "Na nyota tumeletewa! Siyo ya Bethlehemu, hii ina taji la Mfalme Joji. Fundi Sifaeli yuko wapi? Njoo utuambie ni nini."

Sifaeli alisogea, akaipokea, akaipindua.

Mistari mitatu ilisimama. Mmoja uliikata mshazari. Ulikuwa na kutu ya kijani ndani yake, na mwishoni kisu kilikuwa kimeteleza kidogo, jambo ambalo Hanna hakuwahi kulisema, labda kidole cha mtoto hakikulijua. Sifaeli alitaka kukaa chini pale kwenye nyasi mbele ya usharika wote. Badala yake uso wake, uliozoea kazi, ukabaki wa jiwe.

"Ni nyota ya vita vya Bama," alisema. "Siyo adimu."

"Umesikia, Mama Elinipa? Siyo adimu!" Watu wakacheka. "Ulitoa wapi?"

"Ilikuwa kwenye sanduku la marehemu," mjane alijibu. "Baba yake aliipata zamani kwa mahindi."

Mnada ukaanza. Sifaeli alitaja bei ndogo. Mwalimu mmoja akapanda juu yake, labda kwa kufurahisha watu tu. Akapanda pia Frederick, mwenye duka la vinyago mjini karibu na Mnara wa Saa, ambaye alikuwepo kwa sababu wakwe zake ni wa usharika ule. Sifaeli alipanda tena, kisha tena, bila papara, na mwalimu akaachia, na Frederick akamtazama mzee kwa makini, akaachia pia.

"Imekwenda kwa fundi!" Elihuruma alipaza sauti. "Fundi, nyumbani au madhabahuni?"

Ni vema ijulikane kwamba Sifaeli alikuwa amejibu swali hilo kwa miaka arobaini. Alikuwa mtu wa mjini, hana zizi wala jiko la kumaliza mkungu wa ndizi. Kila mwaka alinunua na kila mwaka alirudisha, na neno lenyewe lilikuwa limeshatoka kinywani mwake mara nyingi kuliko jina la mke wake, Mungu amrehemu. Roho yake ilikuwa imeshafika kwa Hanna, imeshapiga hodi, imeshaketi kando ya kitanda. Mdomo ulibaki pale kanisani peke yake.

"Madhabahuni!" alisema.

Vigelegele vikapigwa. Elihuruma akaitwaa nyota kutoka kiganjani mwake, naye akaiachia, na ilipokwisha kuondoka ndipo akasikia alichokisema. Alifungua kinywa. Akina mama walikuwa wameshaanzisha pambio. Angeweza kupiga kelele kwamba amekosea, kwamba ile ni ya baba yake, na hakuna mtu ambaye angemkatalia. Lakini kukitoa kitu madhabahuni mbele ya watu wote, mzee mzima, aliona aibu, na aibu ikamshika ulimi kwa muda uleule ambao Frederick aliutumia kutaja bei ambayo hakuna aliyeifikia.

"Nyumbani au madhabahuni?"

"Nyumbani," Frederick alisema. Watu walinung'unika kidogo, mkwe gani huyu, lakini ilikuwa haki yake. Alipopita karibu na Sifaeli alisema, "Shikamoo mzee wangu," akatabasamu, na kabla mzee hajapata la kumwambia zaidi ya marahaba alikuwa ameingia kwenye Noah yake kuwahi wageni waliokuwa wakimngoja dukani.

Siku hiyo Sifaeli hakupita kwa dada yake. Alikuwa anaijua sauti yake mwenyewe, na Hanna aliijua zaidi. Angemsalimia tu, naye angejua kuna jambo. Alitaka kumwekea nyota mkononi kwanza, maneno yafuate.

Alipofika Sombetini alimpigia Frederick simu. Hapo ndipo palipokuwa na nafasi ya pili, na inabidi isemwe kwamba aliiona. Alikuwa na sentensi nzima tayari: ile nyota ni ya baba yangu, ina alama yake mgongoni, naomba uniuzie. Lakini alikuwa anazungumza na mfanyabiashara wa vitu vya kale, na miaka thelathini na moja ikamkumbusha kwamba alama yenye hadithi ndiyo inayozidisha bei mara tatu. Mnunuzi hasemi alichokiona mpaka kitu kiwe mfukoni mwake.

"Ile nyota ya jana," alisema, ingawa ilikuwa ya asubuhi ileile. "Siyo kitu cha maana. Ila kama huna kazi nayo, mimi nitaichukua."

Frederick alicheka. "Mzee, tulia. Njoo Jumatano dukani. Utafurahi mwenyewe."

"Kwa nini Jumatano?"

"Njoo Jumatano, mzee wangu."

Sifaeli alihesabu kwamba mtu anayecheka hivyo ameshapanga bei. Jumatatu aliuza peni zake tatu nzuri kwa mkusanyaji mwenzake wa Elerai, zile alizoapa kwamba atazikwa nazo. Jumanne aliuza visahani vyote vya wachuma kahawa. Hakujutia hata kimoja. Alishangaa jinsi droo ilivyokuwa nyepesi kufunguka.

Jumatano saa nne alikuwa mlangoni mwa duka. Frederick alimpa kiti, akamwagizia chai, akamuuliza habari za afya na za dada mgonjwa, mpaka mzee akaanza kutamani wafike kwenye kuumizana bei yaishe. Ndipo Frederick akatoa kisanduku kidogo cha mahameli, cha aina ya kuwekea pete ya uchumba, akakiweka mbele yake kwa mikono miwili.

"Nilikuona Jumapili," alisema. "Wengine hawakuona, mimi nilikuona. Ulivyoishika mkononi, na ulivyosema madhabahuni halafu uso wako ukabadilika. Nikasema, mzee huyu kajitoa kwa ajili ya Bwana na moyo wake umebaki pale. Sheria inakukataza kununua, mimi hainikatazi. Hii ni zawadi yako. Sitaki hata mia."

Sifaeli alikuwa amekuja na hela kwenye soksi na ubishi wa siku tatu kifuani, na sasa vyote havina kazi. Alimwonea haya kijana wa watu. Akafungua kisanduku.

Nyota iling'aa kama dhahabu. Taji liling'aa, herufi za Mfalme ziling'aa, ncha zote sita zilikuwa zimechongoka kana kwamba zimetoka kiwandani asubuhi ileile.

"Najua sarafu hazioshwi," Frederick alisema haraka, kwa sababu aliona uso wa mzee. "Umenifokea mara ngapi. Lakini medali ni tofauti, si ndiyo? Medali ni ya kuvaliwa. Askari wenyewe walizipiga polishi kila siku ya gwaride. Nimempelekea sonara, yule mzuri, amekaa nayo siku mbili. Mbele ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa mgongoni, kulikuwa na mikwaruzo mikubwa, kama mtu aliikwangua kwa kisu. Alianza na msasa, akaja na mashine. Tumeitoa yote."

Sifaeli aliipindua. Mgongo ulikuwa laini kama kioo cha saa. Aliona ndani yake jicho lake mwenyewe.

Alitaka kulia, alitaka kumpiga, na hakuna lolote kati ya hayo mawili ambalo Frederick alistahili. Kijana alikuwa amekaa pale na chai yake, anangoja kuona furaha. Kama angeambiwa Jumapili, kwa simu, kwa sentensi moja, angeilinda ile mikwaruzo kama mboni ya jicho. Hakuambiwa, na mtu aliyekataa kumwambia alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni.

"Asante sana, mwanangu," Sifaeli alisema. "Imekuwa mpya kabisa."

"Si ndiyo!" Frederick alisema.

Mezani kwake, mchana uleule, alivaa lenzi ya jichoni na kuichunguza sehemu kwa sehemu akitafuta hata mfereji mmoja uliobaki. Haukuwepo. Sonara alikuwa fundi kweli. Kisha alitoa kalamu ya chuma ya kuchorea, yenye ncha nyembamba kuliko sindano, akaiweka juu ya mgongo ule. Alama aliijua. Alijua hata mahali kisu kilipoteleza. Dakika tano zingetosha, na majivu kidogo na siki kuipa uzee, na nani angesema kitu? Mkono wake haukutetemeka, mkono wa fundi saa hautetemeki. Lakini nusu ya maisha yake alikuwa amefukuza watu barazani pale kwa kuleta vitu vilivyotiwa uongo, na huu ungekuwa uongo juu ya mkono wa baba yake, kwa kidole cha dada yake. Akairudisha kalamu kwenye kopo.

Aliamua kumweleza Hanna yote. Alipanda mlimani Alhamisi asubuhi akiwa amepanga maneno: kanisa, simu, zawadi, sonara. Dada angehuzunika, lakini angeishika, na ingekuwa ni nyota ya baba, ileile iliyolala kwenye koti siku nyumba ilipoungua. Hilo lilikuwa kweli na hakuna msasa unaoweza kulitoa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja na kitu," Hanna alisema kabla hajaketi. "Nasikia kwenye sauti. Sifaeli, umeipata?"

Sifaeli aliyaacha maneno yote aliyoyapanga. Akachukua mkono wa dada yake, mwepesi kama jani la mgomba lililokauka, akaiweka nyota kiganjani. Hanna alipapasa ncha, moja baada ya nyingine, akihesabu kwa midomo mpaka sita. Akapapasa taji. Uso wake ukafunguka, akawa binti wa miaka kumi na mmoja. Kisha akaipindua na kupitisha kidole.

Akapitisha tena, taratibu, kutoka juu hadi chini. Akabadilisha kidole.

"Hii siyo," alisema.

"Dada..."

"Siyo hii, mdogo wangu. Ni nyota ya Bama, sawa, lakini hizo ni nyingi, umeniambia mwenyewe. Ya baba ina mgongo wake." Akamrudishia, akamfunga vidole kwa upole ili isianguke. "Usihangaike. Ipo mahali. Yule aliyeichukua hawezi kuitupa, na alama ile haifutiki, baba alikata kwa kina. Mimi nitangoja."

Sifaeli alimtazama. Alikuwa ameamua kusema kweli, na kweli ilikuwa pale mkononi mwake, ina ncha sita, na ilikuwa ndicho kitu pekee ambacho kingemwambia dada yake kwamba hakuna tena cha kungoja.

"Nitaendelea kuitafuta," alisema.

Katika miaka yote ya droo ile hakuwahi kumdanganya dada yake juu ya kitu cha kale, na uongo huo wa kwanza ulipomtoka machozi yalimtoka pia, kwa sauti, mpaka akashindwa kujizuia. Hanna alinyoosha mkono akapapasa hewani, akalipata bega lake.

"Usilie," alimwambia. "Tutaipata tu."